Kilowati 300 kwa wateja 310: tuupime vipi mradi huu wa maji?

*Swali:* Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha umeme katika milima ya Zombo, Uganda, upande wa mpaka wa Kongo. Laini ya taifa haijafika kwetu. Tuna jenereta ya dizeli ya kVA 100, wateja 310 wenye mita za yaka (za kulipia kabla), mashine mbili za posho (za kusaga unga) na kituo kimoja cha afya. Tunawasha kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, na asubuhi saa chache kwa ajili ya posho. Mzigo mkubwa kabisa tuliowahi kuuona ni kilowati 55, saa mbili usiku. Mwaka jana tuliuza yuniti 90,000 kwa shilingi 2,500 na tukachoma lita 36,000 za dizeli. Oktoba alikuja mhandisi, akaupima mto wetu siku moja, akaandika kwamba maporomoko ya mita 42 yatatoa kilowati 300. Yako kilomita 7 kutoka senta yetu ya biashara. Gharama ni shilingi bilioni 4.4, mfadhili atatoa nusu, nusu tukope. Ripoti inasema tutauza yuniti 1,580,000 kwa mwaka kwa shilingi 1,000, na deni litaisha ndani ya miaka mitatu. Mfadhili anataka sahihi kabla Desemba haijaisha. Vijana wanasema tusaini. Wazee wanauliza, mbona Februari wanawake huvuka mto ule kwa kukanyaga mawe bila kulowa? Tuutathmini vipi?

*Jibu:* Ndugu mweka hazina, kwenye kurasa ulizoniambatishia nimezungushia duara namba mbili: 90,000 na 1,580,000. Ya kwanza mmeiuza kweli, mna risiti za yaka. Ya pili ni mara kumi na saba na nusu ya hiyo. Nimetafuta kwenye ripoti nzima sentensi moja inayosema nani atazinunua hizo nyingine, sikuiona.

Namba yenyewe imepatikana kirahisi. Chukua kilowati 300, zidisha kwa saa 8,760 za mwaka mzima, kisha uchukue asilimia 60 ili kuacha nafasi ya kiangazi na matengenezo. Unapata 1,576,800. Hesabu haina kosa. Ni hesabu sahihi ya mradi wa mtu mwingine. Mtambo wa Bugoye kule Kasese, megawati 13, au ile ya Siti huko Bukwo, inahesabiwa hivyo kwa sababu imefungwa kwenye gridi ya taifa. Kila yuniti inayotoka kwenye mashine ina mnunuzi, iwe saa nane mchana au saa nane usiku. Kwa miradi ya namna hiyo, swali kubwa ni mto unaweza kutoa kiasi gani. Kwenu swali hilo ni la pili. La kwanza ni watu wenu wanaweza kutumia kiasi gani, saa ngapi, mwezi gani.

Sijui kama umewahi kuingia nyumba ya mashine ya umeme wa maji usiku wa manane. Mimi nililala kwenye moja wiki nzima, miaka mingi iliyopita, nikifundisha vijana kuandika daftari la mashine. Mtambo mdogo uliojitenga mara nyingi hauna kidhibiti cha kufungua na kufunga maji kila mzigo unapobadilika, maana ni ghali. Badala yake maji yanaingia yaleyale, na kisanduku cha elektroniki ukutani kinapeleka umeme usiotakiwa kwenye vyuma vya joto vilivyozamishwa ndani ya tangi la maji. Watu wakizima taa, vyuma vinapokea. Saa saba usiku nilitoka nje nikakuta nyuma ya nyumba mvuke unapanda kama jiko la harusi, na mlinzi ameweka sufuria ya viazi pembeni. Kilowati arobaini zilikuwa zinachemsha viazi vya mtu mmoja. Kwenye ripoti ya mradi ule, yuniti zile zote zilikuwa zimeandikwa kama mauzo.

Kwa hiyo kabla ya kuugusa mto, andikeni siku yenu ya saa ishirini na nne. Jenereta yenu inalala saa tano usiku, basi hamjui usiku wenu unahitaji nini. Mimi nimekadiria hivi: friji ya chanjo na taa za kituo cha afya, taa chache za ulinzi na simu zinazochajiwa, kilowati 10 au 12 usiku kucha. Mchana mashine za posho, vinyozi, mafundi wa kuchomelea, kibanda cha video, kilowati 20 mpaka 40 kwa vipindi. Jioni ile 55 yenu, na itapanda. Nikijumlisha napata yuniti kama 300 kwa siku mwaka wa kwanza wa umeme usiokatika, na labda 500 baada ya miaka mitatu au minne mambo yakienda vizuri. Leo mnauza kama 247. Yuniti 500 kwa siku ni 182,500 kwa mwaka, wastani wa kilowati 21. Mashine ya kilowati 300 inayobeba wastani wa 21 itakuwa inafanya kazi kwa asilimia 7 ya uwezo wake.

Vijana watakwambia umeme ukija viwanda vitakuja. Vingine vitakuja, nimeviona. Lakini mradi wa aina hii ukisimama imara, mara nyingi utakuta mteja mkubwa alikuwepo kabla ya mashine. Hospitali ya Kisiizi kule Rukungiri ilikuwa na wodi, chumba cha upasuaji na nguo za kufua kabla ya kuweka turbini chini ya maporomoko yake. Ikaanza na mashine ndogo, na baada ya miaka mingi ndipo ikapanda hadi karibu kilowati 300, na jirani nao wakapewa umeme. Mtambo wa jamii kule Bwindi ni wa kilowati 64. Wa Suam, kwenye Mlima Elgon, ni wa 40. Sizitaji kwa kuzidharau. Huo ndio ukubwa ambao senta za milimani zimeweza kuumeza.

Sasa pesa, kwa kuwa wewe ndiye utakayeulizwa. Mkikopa bilioni 2.2 kwa miaka kumi, na tuchukue riba ya asilimia 12 kama mfano, mtalipa karibu milioni 389 kila mwaka. Matunzo ya mtambo, mfereji na laini mimi huyahesabu kwa asilimia 3 ya gharama ya ujenzi, hapa milioni 132. Jumla milioni 521 kabla hujamlipa mtu mshahara. Mkiuza zile 182,500 zote kwa bei ya leo ya shilingi 2,500, ambayo mmewaahidi wateja kwamba itashuka, mnapata milioni 456. Hata kwa bei ya dizeli mradi haujilipi. Na nusu ya gharama imetolewa bure! Msaada wa nusu kwenye kitu kilichozidi mahitaji mara tano bado ni deni.

Kipimo cha haki kwa chama kama chenu ni hiki: umeme wa maji unaokoa dizeli kiasi gani, na unaongeza mauzo gani ambayo dizeli isingeweza? Lita 36,000 kwa shilingi kama 5,000 ni milioni 180 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hazina mnayoifukuzia, na si ndogo. Mtambo ukifuta tisa ya kumi ya dizeli hiyo, umeokoa milioni 162. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na benki. Bilioni 1.58 ya ripoti (yuniti 1,580,000 kwa shilingi 1,000) iwekeni kando.

Tuje mtoni. Kanuni ya kukagua kazi ya mhandisi yeyote unaweza kuifanya kwenye simu: mita za ujazo za maji kwa sekunde, mara kimo cha maporomoko kwa mita, mara 7. Jibu ni kilowati. Saba hiyo tayari imemeza upotevu wa bomba, turbini na jenereta. Yeye amechukua 1.02, mara 42, mara 7, na 300 imetoka hapo. Hakuna tone lililoachiwa mto wenyewe kati ya banio (mahali maji yanapochepushwa) na nyumba ya mashine, wakati samaki, ng'ombe na mama wenye madumu wapo palepale. Na ile 1.02 ameipima Oktoba.

Hapa nina kosa langu la kukiri. Mwanzoni mwa kazi yangu nilipitisha mradi mmoja kusini-magharibi kwa kipimo cha siku mbili za Novemba. Kule mvua ni misimu miwili, na mto ulikuwa umejaa unanguruma. Julai iliyofuata uzinduzi nilipigiwa simu. Nikakuta fundi amekaa kwenye ukingo wa tangi la juu, anasubiri lijae. Alikuwa anakusanya maji mchana kutwa ili awashe saa tatu za jioni. Wanakijiji walishaipa jina: mashine ya masika. Hakuna aliyenilaumu usoni, wakanipa chai na mihogo, na hilo liliniuma zaidi.

Upande wenu wa West Nile mvua zinakaza kuanzia Agosti mpaka Oktoba, kisha kuanzia Desemba hadi Machi mto unakonda. Mhandisi amekuja kumpima mgonjwa siku aliyoamka vizuri. Swali la wazee kuhusu mawe ya Februari lina uzito kuliko ukurasa mzima wa michoro ya rangi, na mpe salamu zangu aliyeliuliza. Tuseme Februari mto unabaki na 0.25. Uuachie mto 0.05, inabaki 0.20. Mara 42 mara 7 unapata kilowati 59. Lakini ngoja: hizo 59 ni za mashine iliyotengenezwa kwa maji hayo. Turbini iliyochongwa kwa mita 1.02 ukiipa 0.20 inapewa moja ya tano ya chakula chake. Ikiwa ni aina ya Francis, nguvu inaanguka vibaya, mashine inatetemeka, na fundi mwenye akili ataizima. Ile ya maji kupita katikati ya gurudumu, ambayo mafundi huiita krosifulo, huvumilia zaidi ikiwa imegawanywa vyumba viwili, theluthi moja na theluthi mbili, kwa sababu unaweza kufungua kile kidogo peke yake. Kwa kimo cha mita 42 na maji kiasi hiki, krosifulo ndiyo ningeiuliza kwanza. Pia inatengenezeka: vyuma vyake ni bapa na vya kukunja, fundi mzuri wa karakana anaweza kuziba tundu au kubadilisha beringi bila kusubiri meli.

Usichukue 0.25 yangu kama ukweli. Nimeiokota tu nikuonyeshe njia. Ukweli utaupima mwenyewe, na hauhitaji mtaalamu wa kutoka Kampala. Tafuta mahali mto unapobana, juu kidogo ya maporomoko. Simika ubao ulionyooka, uchore sentimita kwa rangi ya mafuta, uufunge kwenye mwamba usiotikisika. Mpe kijana mmoja daftari na posho ndogo, aandike kina kila asubuhi saa moja, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Kisha Februari, maji yakiwa machache, wekeni kizingiti cha mbao kukata mto mzima, kizibwe pembeni na chini kwa udongo wa mfinyanzi, kiwe na mwanya mnyoofu wa upana wa mita 1.5 ambao maji yote yatapitia na kudondoka huru upande wa pili. Pimeni unene wa maji juu ya ukingo wa mwanya, lakini si pale pale yanapojikunja kudondoka. Rudini nyuma mita moja au mbili ambako yametulia. Unene ukiwa sentimita 20, mto wenu una karibu 0.25. Ukiwa sentimita 10, una chini ya 0.09, na mazungumzo yetu yatabadilika kabisa.

Njia ya kutupa chungwa na kuhesabu sekunde mnaweza kuitumia kwa makadirio, ila kumbukeni maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hasa kwenye mto wa mawe. Mkipata 1.0 kwa chungwa, ukweli unaweza kuwa 0.65. Sijaona kwenye ripoti mhandisi wenu alitumia njia gani. Mwulize.

Februari moja nayo haitoshi, maana kuna Februari za ukarimu. Ukishakuwa na daftari la miezi kadhaa, lilinganishe na mvua za miaka mingi kutoka kwa watu wa hali ya hewa wa serikali na vipimo vya mito ya jirani vilivyoko Wizara ya Maji na Mazingira. Mwaka wenu ukionekana ulikuwa wa mvua nyingi, punguza. Na kaeni na wazee muwaulize mwaka gani mto uliwahi kukauka kabisa, au kugeuka vidimbwi. Wanakumbuka kwa majina ya watoto waliozaliwa.

Kimo pia kihakikiwe. Mita 42 za kwenye simu zinaweza kuwa 34. Mpira wa maji wa uwazi, ule ule wajenzi wanaotumia kusawazisha msingi, ukiteremka nao hatua kwa hatua kutoka juu hadi chini na kujumlisha, utakupa jibu la kuaminika kwa siku moja ya kutoka jasho.

Kwa namba nilizonazo, mradi ninaouona hapo ni wa kilowati 80. Unahitaji maji 0.27, yaani robo tu ya yale ya ripoti. Unabeba 55 zenu na kuacha 25 za kukua. Miezi minane au tisa haustuki. Januari na Februari unaweza kupungukiwa saa za jioni, na jenereta yenu mliyonayo inaingia kusaidia. Msiiuze! Kila chama nilichokiona kikiuza jenereta siku ya uzinduzi kilinunua nyingine ndani ya miaka miwili. Kuna jambo jingine: kiangazi chenu ndicho chenye jua kali. Paneli chache na betri zikijaza pengo la Februari zinaweza kuwa nafuu kuliko kupanua mfereji kwa ajili ya miezi miwili. Ombeni bei ya hilo pia, muilinganishe, na hata muulize mradi mzima wa jua ungekuwa kiasi gani. Mshauri anayekataa kulinganisha mara nyingi anauza kitu.

Mtambo mdogo huwa ghali zaidi kwa kila kilowati, hilo ni la kukubali. Tuuhesabu bilioni 1.6, mfadhili atoe nusu, mkope milioni 800 kwa miaka kumi na tano kwa riba ile ile. Rejesho ni kama milioni 117 kwa mwaka. Matunzo 48. Bei ishuke hadi shilingi 1,300. Mwaka wa yuniti 500 kwa siku mnaingiza milioni 237. Dizeli ya kusaidia, tuseme moja ya kumi ya umeme wote, inakula milioni 36 au 37. Inabaki kama milioni 35 za mishahara na akiba. Ni padogo, lakini mtu anaweza kupita. Mwaka wa yuniti 300 kwa siku hali ni nyingine: mnaingiza milioni 142, mnadaiwa 187 (rejesho, matunzo na dizeli). Upungufu wa milioni 45. Na miaka hiyo ndiyo inayokuja kwanza. Kwa hiyo cha kumwomba mfadhili ni miaka miwili mitatu ya kutolipa deni mwanzoni, au sehemu kubwa zaidi ya mtaji mdogo. Theluthi mbili ya bilioni 1.6 ni pungufu sana ya nusu ya bilioni 4.4. Yeye ataokoa pesa na nyinyi mtaokoka. Sioni kwa nini akatae, labda kama amri ya kilowati 300 imetoka kwingine.

Kama mnaota siku moja kufika huko juu, jengeni banio lenye nafasi, na muache mahali pa bomba la pili na mashine ya pili. Zege la ziada leo ni bei ndogo. Turbini ya ziada inayolala ni bei kubwa.

Kilomita 7 zimenitia wasiwasi kwa sababu kwenye jedwali la gharama sikuona laini. Nimeona nguzo za "usambazaji senta", basi. Umeme wa volti 415 hauwezi kusafiri kilomita 7 na mzigo huo. Ukifika, taa zitakuwa rangi ya chungwa na mota za posho zitaungua. Mnahitaji transfoma ya kupandisha pale mtoni na nyingine ya kushusha senta, na laini ya kilovolti 11 au 33 katikati. Ijengwe kwa viwango vya taifa, nguzo zilizotibiwa, nafasi sahihi, hata ikiwauma kidogo sasa. Sababu ni hii.

Laini ya taifa itakuja. West Nile yenyewe ilikuwa kisiwa cha umeme kwa miaka mingi: mashine ya mafuta mazito pale Arua, kisha mwaka 2012 mtambo wa Nyagak wa megawati 3.5, hukohuko kwenu Zombo, ukapunguza mafuta. Kisha mwaka 2024 gridi ikafika. Nyinyi mko ndani zaidi milimani, lakini deni la miaka kumi na tano ni refu kuliko subira ya siasa. Siku nguzo za UEDCL, shirika la kusambaza umeme, zitakapoingia senta na yuniti ya nyumbani chini ya shilingi 1,000, mteja wenu wa shilingi 1,300 hatasita. Laini yenu ikiwa ya viwango, inaweza kuunganishwa, na mtambo ukageuka muuzaji wa gridi kwa mkataba. Ikiwa ni ya vijiti, mnabaki na deni na kuni. Nendeni Wizara ya Nishati muulize kwa maandishi, eneo lenu liko kwenye mpango wa mwaka gani. Jibu la mdomo halitoshi kwa benki.

Mafuriko na mchanga nitayapitia haraka ingawa yameua mitambo mingi. Mei 2013 mto Nyamwamba wa milima ya Rwenzori ulishuka Kilembe na mawe makubwa kama nyumba, na Mei 2020 ukarudia. Milima yenu si Rwenzori, lakini ina miteremko iliyolimwa hadi ukingoni. Tafuta alama ya juu kabisa ambayo maji yaliwahi kufika, kwa macho ya mtu aliyeiona, na sakafu ya nyumba ya mashine iwe juu yake kwa mita mbili. Tangi la kutuliza mchanga lisipunguzwe hata kama mkandarasi ataapa. Mchanga wa mvua ya kwanza husugua gurudumu la turbini kama msasa. Na chujio la takataka liwe mahali ambapo mtu anaweza kusimama salama usiku, mvua inanyesha, ana reki mkononi, anavuta majani ya migomba na chupa za soda. Kazi hiyo itafanywa kila siku kwa miaka thelathini, mara nyingi na mtu anayelipwa kidogo kuliko wote.

Kuhusu vibali, anzeni na ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme: miradi midogo iliyojitenga inaweza kupata msamaha wa leseni badala ya leseni kamili, lakini bei yenu bado ni jambo lao. Kibali cha maji kinatoka kwa wasimamizi wa rasilimali za maji wizarani, cha mazingira kwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Hati za ardhi ya mfereji na njia ya bomba ziandikwe na kushuhudiwa mbele ya mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) sasa hivi, kabla bei ya shamba lile haijajua kuna mradi.

Desemba basi. Msisaini mkataba wa kilowati 300. Msikatae pia. Mwandikieni mfadhili barua ya ukurasa mmoja: tunataka umeme wa maji, mauzo yetu halisi ni haya, mzigo wetu wa juu ni kilowati 55, kipimo cha mto kimefanyika mwezi wa maji mengi, tunaomba fedha kidogo za kupima hadi Aprili na mchoro mpya wa mtambo unaolingana na mzigo wetu. Ambatisheni nakala za yaka za miezi kumi na miwili. Mhandisi wa kupima asiwe yuleyule atakayeuza turbini.

Na jenereta, kuanzia Jumatatu, iandikwe mzigo wake kila nusu saa ikiwa inawaka, pamoja na nani kawasha nini. Wenye mashine za posho waulizwe kama watakubali kusaga mchana tu. Wenye kahawa waulizwe miezi ya kukoboa, kwa sababu ikiangukia kiangazi mzigo utapanda wakati mto unashuka, na hapo hata 80 yangu itabidi niirudie.

Kwa ubao wa sentimita, kipande cha mbao na kopo moja la rangi vinatosha. Ukishapata namba za Februari, hata kama ni za wiki mbili tu, nitumie pamoja na mzigo wa saa mbili usiku wa siku hizohizo.